Thabai Nilizozing'oa Ukingoni

Kosa langu la kwanza katika kazi ya pikiniki lilikuwa kung'oa thabai. Sikuvunja sahani, sikumwagia mtu chai, sikupoteza kofia ya mtu. Niling'oa majani tu, tena kwa bidii, nikiwa nimevuta kamba kutoka mti hadi mti ili mstari wangu usipinde. Kwa sababu ya mstari ule ulionyooka, mzee mmoja alipoteza nyumba yake.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaopeleka familia kwenye korongo siku hizi. Nimewaona mnavyofyeka. Mnafyeka vizuri, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mtacheka mkisikia kwamba pikiniki ilikuwa kazi ya mtu mzima mwenye mke. Ilikuwa kazi, na niliipata baada ya vita vya Hitler, nilipopanda kutoka upande wa Kakamega kuja kutafuta riziki huku Eldoret, mji ambao wenyeji waliuita Sisibo. Mashamba yote yalikuwa ya Wazungu, na mimi jembe halikunipenda. Nikaandikwa katika hoteli ya Wazungu iliyokuwa kando ya msitu, njia ya kwenda Kaptagat. Nyuma ya hoteli msitu ulishuka ghafla ukawa korongo, miti ya podo na mitarakwa imesimama pande zote mbili, na chini kabisa kulikuwa na mto na maporomoko madogo. Kila Jumapili familia za walowezi zilikuja na watoto wao kushuka kwenye maporomoko, kula, kulala kidogo, kisha kupanda tena wakilalamika. Mimi nilikuwa mtu wa kuhakikisha kwamba wanalalamika mambo madogo tu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kutoka kwenye kitabu cha adabu za mezani nilichokiokota jikoni. Kilikuwa hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo nilijua jinsi Wazungu wanavyomaliza kula lakini sikujua wanavyoanza. Nilichonga kijiti chenye alama cha kupimia nafasi kati ya kikombe na kikombe. Nilikuwa na daftari nililoandika nani anapenda maziwa kwanza na nani anayapenda mwisho. Fundo la kamba ya kuvukia mto nililikagua mara saba. Nikishamaliza ya saba nilijiuliza kama ya tano niliihesabu, nikaanza upya. Wenzangu walidhani ni bidii. Ilikuwa hofu. Niliogopa kuchekwa na watu kuliko nilivyoogopa chui, na chui walikuwepo.

Nikuambieni walowezi walivyokuja msituni. Walikuja na viti. Walikuja na meza ya miguu ya chuma, kitambaa cheupe, gramafoni, na bibi mmoja mzee sana ambaye tulimbeba yeye na kiti chake kama mzinga wa nyuki. Wakifika chini waligeuza viti vikaupa mto mgongo, kwa sababu upepo wa maji ulilowesha mkate. Halafu walikaa wakaongea juu ya bei ya ngano.

Kuna familia iliyoleta kigari cha mtoto mchanga, kile cha magurudumu manne. Sasa gurudumu litapita wapi kwenye mizizi ya podo? Tukakibeba, mimi mbele na Barasa nyuma. Barasa alikuwa mpagazi mwenzangu, mtu wa kwetu, mwenye mdomo usiofungwa.

"Shadrack," akaniambia tukiwa katikati ya mteremko, mtoto amelala humo ndani kama chifu, "hawa watu wamepanda meli, wakapanda treni, wakaja mpaka hapa. Miguu walipewa ya nini?"

"Nyamaza, utaamsha mkubwa."

"Na wangu yuko nyumbani amebebwa na dada yake wa miaka sita. Hata yeye angependa kuona maporomoko."

"Mlete basi."

Tukacheka mpaka kigari kikatikisika, kwa sababu kwenye lango la msitu kulikuwa na kibao. Mwafrika aliyeingia bila kazi alikuwa mhalifu. Mwafrika aliyeingia na kiti cha Mzungu kichwani alikuwa mtu wa pikiniki. Kwa hiyo nilikiheshimu sana kile kiti. Mke wangu aliishi hatua chache tu kutoka ukingo wa lile korongo kwa miaka mingi, akasikia maji yake kila asubuhi, na hakuyaona.

Hata hivyo ile kazi ilikuwa na maarifa yake, na haya nawapa bure. Kabla ya kutandika blanketi, piga ardhi kwa kijiti kisha ungoje muda wa kunywa kikombe cha maji. Kama kuna siafu watatoka kukuuliza habari. Moto wa chai uwashe mbali na mto, kwa sababu moshi hufuata maji kushuka, na wageni huketi karibu na maji. Mtoto mwenye miguu mizito mweke mbele, si nyuma. Wote watatembea kwa mwendo wake na hutampoteza. Na maji ya mto yaangalie rangi, usiangalie kimo. Mvua ikinyesha juu huko usikokuona, maji hubadilika rangi na kuanza kubeba majani mabichi kabla hayajapanda hata kidogo. Ukiona jani bichi, funga vikapu. Bibi akitaka kumaliza sandwichi yake, mbebe na sandwichi.

Yote haya nilifundishwa na Mzee arap Koros, ingawa wakati ule nilijidai kwamba nimeyagundua mwenyewe.

Mzee Koros alikuwa Mkeiyo, na alizaliwa kwenye ule msitu kabla ya kibao. Serikali ilipouchukua msitu, wengi waliteremshwa bondeni, lakini yeye aliachwa na kipande cha karatasi kinachosema anaweza kuishi juu ya korongo na mkewe na mbuzi wachache, mradi atunze njia ya wageni. Karatasi hiyo aliiweka ndani ya pembe ya ng'ombe, akaziba kwa nta ya nyuki, akaitundika juu ya kitanda. Njia ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Njia ikimshinda, nyumba haipo. Hilo sote tulilijua.

Na njia yake, machoni mwangu, ilikuwa aibu. Ilipinda ovyo. Ngazi zake za magogo hazikulingana. Mbaya zaidi, mahali patatu ambapo njia ilipita karibu kabisa na ukingo, pembeni palikuwa na thabai, yale majani yanayowasha kama moto, zimejaa bega kwa bega, urefu wa kifua cha mtoto. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alichuma zile changa akapika na maziwa. Zilizobaki Mzee alizipogoa, akazimwagia maji wakati wa kiangazi, akahamisha miche kuziba mapengo. Mtu anapalilia thabai! Watoto wa Wazungu waliwashwa, wakalia, mama zao wakanung'unika, na mimi nikaona aibu kana kwamba nimewawasha mimi.

"Mzee," nilimwuliza siku moja, "hizi za nini?"

"Hao ni askari wangu."

"Askari?"

"Hawalali, hawali, hawaombi likizo. Bwana wa hoteli angewapenda akiwajua."

Nilicheka kwa adabu. Nilidhani ni utani wa wazee. Yeye akaniangalia na ile kamba yangu ya kupimia, akaguna.

"Naona umepima njia. Mtoto je, umempima?"

Nikaandika kwenye daftari: Mzee ameanza kuchoka.

Basi mwezi mmoja dada yake Mzee aliugua kule chini bonde la Kerio, Mzee akaomba ruhusa ya wiki moja kwenda kumwona. Ruhusa aliitoa mwenye hoteli kwa mdomo. Huyo tulimwita Bwana Saa, kwa sababu alitoa saa mfukoni kila alipotaka kuonekana ana shughuli. Mzee alipoondoka tu, Bwana Saa akaniita barazani.

"Shadrack, Jumapili nakuja wageni mkubwa. Watoto mingi. Wewe natengeneza njia maridadi, ndiyo?"

Hakutaja thabai. Nataka mlielewe hilo. Kwa miaka mingi nilijaribu kujikumbusha kwamba alizitaja, ikashindikana.

Nilifanya kazi siku nne. Nilivaa magunia mikononi nikang'oa thabai zote za juu ya ukingo, mizizi na yote, mpaka udongo ukabaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Kisha nikaenda mtoni nikachagua mawe ya duara, yanayolingana, nikayapaka chokaa nyeupe, nikayapanga ukingoni kwa kamba. Kati ya jiwe na jiwe niliacha nafasi sawasawa kwa kijiti changu cha vikombe. Thabai zilizoota chini ya ukingo, kwenye kibao cha udongo kilichojitokeza kwenye ukuta wa korongo, sikuzigusa. Sikuziacha kwa hekima. Niliziacha kwa sababu mtu akiwa njiani hawezi kuziona, na mimi nilikuwa hodari wa kusafisha panapoonekana.

Barasa alikuja akatazama.

"Ni pazuri," akasema. "Ni kama kaburi la chifu."

Bwana Saa alikuja akatoa saa, akairudisha. "Maridadi sana," akasema. Nikalala usingizi mtamu mpaka Jumapili.

Jumapili wageni walifika. Miongoni mwao alikuwa mtoto wa kike wa miaka saba hivi, aliyelelewa na yaya kutoka Nandi, akaongea Kiswahili na Kinandi vizuri kuliko wazazi wake walivyoongea chochote. Jina lake Rozi. Alimpenda Mzee Koros kwa sababu Mzee alimruhusu kulamba asali kwenye kidole. Mara zote alipita pale ukingoni akiwa amejibana upande wa mlima, mikono juu, ili askari wa Mzee wasimguse.

Siku ile alipofika pale, akasimama. Aliona mawe meupe yamepangwa, ya duara, yenye nafasi sawa. Niambieni, nyinyi mliowahi kuwa watoto, mtoto afanye nini na mawe kama hayo? Akaruka juu ya la kwanza. Akaruka la pili. Akaanza kuyahesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa nyuma na kikapu cha vikombe, na nakiri kwamba jambo la kwanza nililohisi ni furaha, kwamba nafasi nilizopima zinafaa hata miguu ya mtoto.

Jiwe la sita lilikuwa la duara kuliko yote. Nilijivunia lile jiwe. Lilizunguka, likaenda, na Rozi akaenda nalo.

Sikumbuki kuweka kikapu chini. Barasa anasema nilikitupa, vikombe vyote vikavunjika, na kwamba huo ndio wakati pekee aliowahi kuniona nikifanya kitu bila kupima. Nilifika ukingoni nikalala kifudifudi. Alikuwa chini yangu kama urefu wa watu wawili, kwenye kile kibao cha udongo, katikati ya zile thabai zilizobaki, amezikumbatia kwa mikono yote miwili. Chini yake hakukuwa na kitu mpaka mtoni.

"Shadrack! Zinaniuma!"

"Zishike!"

"Zinaniuma, Shadrack!"

"Zishike hivyo hivyo, mama! Usiachie hata moja!"

Barasa alifunga kamba kwenye mti wa podo. Sikukagua fundo. Nilishuka, nikaingia kwenye zile thabai kwa mikono mitupu, uso mtupu, nikamshika kiunoni, tukavutwa juu. Mikono yangu ilivimba kama mikate. Mtoto alikuwa mwekundu kuanzia shingoni hadi vidoleni, analia kwa sauti ambayo mbega juu ya miti walinyamaza kuisikiliza. Lakini hakuvunjika hata mfupa.

Sasa sikilizeni Wazungu wanavyofikiri wakishtuka. Mama yake alimkumbatia, akaona ile mikono iliyovimba, akapiga kelele.

"Nani napanda hii majani mbaya?"

"Ni za Mzee Koros," Rozi akajibu katikati ya kwikwi, kwa sababu hilo ndilo alilolijua, na lilikuwa kweli.

Na ni wakati huohuo Mzee Koros alipotokea kwenye mpindo wa njia, ametoka bondeni, mfuko wa wimbi begani, bado ana vumbi la safari. Bwana Saa alimgeukia.

"Wewe! Wewe nakwenda wapi wiki nzima? Nani nasema wewe kwenda?"

"Wewe, Bwana."

"Mimi? Hapana! Na hii majani nauma mtoto, wewe napanda?"

Mzee akaweka mfuko chini. Aliangalia mawe meupe. Akaangalia mashimo ya mizizi kwenye udongo. Akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia viatu vyangu, na sikuwa na viatu.

"Ndiyo, Bwana," akasema. "Nilizipanda mimi."

Bwana Saa akasema mbele ya watu wote kwamba ataandika barua kwa ofisi ya msitu mjini, ile karatasi ya Mzee ifutwe, mtu anayelima sumu kwenye njia ya watoto aondoke na mbuzi wake. Kisha akanishika bega, akawaambia wageni kwamba huyu ndiye aliyetengeneza njia na huyu ndiye aliyemwokoa mtoto. Wakanipigia makofi. Jioni nikapewa jozi ya viatu vya Bwana Saa mwenyewe, karibu vipya, vikubwa kiasi kwamba nilipogeuka vyenyewe vilibaki vinaangalia mbele.

Nilipaswa kusema palepale. Kila mmoja wenu analiona hilo. Nami nililiona. Lakini nilijiambia kwamba jambo zito namna hii haliwezi kusemwa ovyo, na kwa Bwana mkubwa lisemwe kwa Kiingereza, tena kwa maandishi. Barua zote za hoteli zilikwenda mjini Alhamisi asubuhi na lori la maziwa. Nilikuwa na Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nikaona muda unatosha.

Jumatatu, kila nilipopata nafasi, niliandika. Kiingereza changu kilikuwa cha nusu kitabu cha adabu, kwa hiyo ungamo langu lilianza kwa kumshukuru Bwana Saa kwa chakula kitamu. Nikalifuta. Jumanne niliazima kamusi kwa karani wa hoteli. Nikatafuta thabai, nikaipata, nikatafuta ukingo, nikapata ukingo wa kitambaa. Nikaanza tena. Jumatano mchana barua ilikuwa tayari na ilikuwa nzuri, ila wino ulidondoka juu ya neno kosa. Nani atapokea ungamo lenye doa? Nikainakili upya. Mstari wa mwisho ukapinda. Nikainakili tena. Mzee Koros alipita mara mbili nje ya chumba changu, akasimama mlangoni, akaniona nimeinama juu ya karatasi, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi nilivaa shati safi na vile viatu. Nilipofika barazani, lori la maziwa lilikuwa linapinda kwenye kona ya barabara kuu.

Bwana Saa aliisoma barua yangu amesimama. Aliisoma yote, kisha akairudia. Uso wake ulibadilika, sitamwonea. Alielewa vizuri sana.

"Kiingereza mzuri," akasema.

"Bwana, Mzee hana kosa. Mimi ndiye."

"Mimi nasoma. Kwa nini wewe hapana sema Jumatatu? Kiswahili mimi nasikia."

"Nilitaka iwe sawasawa, Bwana."

Akatoa saa, akaiangalia. "Barua nakwenda tayari."

"Andika nyingine, Bwana. Nitaipeleka mwenyewe kwa miguu, sasa hivi."

Alifikiri. Naapa alifikiri. Kisha akatikisa kichwa. "Barua mbili? Leo nasema mtu mbaya, leo hiyohiyo nasema mtu mzuri? Ofisi nzima nacheka mimi."

Hapo ndipo nilipomtambua. Miezi yote ile nilikuwa nikidhani Mzungu ni kiumbe kingine. Alikuwa mimi, na saa.

Nilichukua barua yangu nikaenda mjini hata hivyo, kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu vilinitoa malengelenge kabla sijamaliza maili moja. Karani wa ofisi ya msitu alikuwa mtu wa kwetu. Alisoma barua yangu akausifu mwandiko.

"Ndugu yangu, hii ni nzuri, lakini wewe ni nani?"

"Ni mimi niliyekosa."

"Hapa hatuandiki aliyekosa. Tunaandika aliyeondoka. Bwana wako akileta karatasi nyingine, sawa. Yako haina nguvu."

Nilirudi alasiri nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Koros. Alikuwa nje anakaza kamba ya mzinga. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili, bila kupanga, na yalichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

"Nilijua," akasema. "Niliona mashimo. Thabai hazijing'oi."

"Sasa mbona hukusema, Mzee? Mbele ya Bwana?"

"Niseme mimi? Mtu anayefukuzwa akisema si yeye, nani husikia? Nilikuwa nakungoja wewe." Akakaza fundo. "Nilikuja mlangoni mara mbili. Nikakuona unaandika. Nikamwambia Mama, tusimsumbue, anaandika kitu cha maana."

Mama, aliyekuwa kwenye kizingiti na kibuyu cha maziwa, alicheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa kicheko kibaya sana. Nimekisikia maishani mwangu mara nyingi tangu hapo, hasa nikishika kalamu.

Walipewa wiki mbili. Katika hizo wiki mbili Mzee Koros alinifundisha kupanda thabai, kwa sababu Rozi na watoto wengine wangerudi, na ukingo ulikuwa bado mtupu. Hakunifundisha kwa upole.

"Vua magunia. Unaogopa nini, umeshawashwa. Shika kutoka chini, upandishe mkono, kwa nguvu. Ukishika kwa kusitasita ndipo inapouma."

"Hivi?"

"Hivyo ni kumpapasa mchumba. Shika!"

Miche ipandwe mvua za kwanza, miwili kwa shimo, nafasi ya unyayo. Ipogolewe isipite kifua cha mtoto, ili mtu mzima aone ng'ambo na mtoto asione pa kupita. Palipo na jiwe la duara, tupa jiwe. Nilipotoa kijiti changu kupima nafasi, Mzee alikichukua akakivunja, akachochea nacho moto wa chai.

Siku ya mwisho walishuka bondeni na mbuzi wao na mizinga mitatu. Ile karatasi alinipa mimi, ndani ya pembe yake, akasema kwa kuwa napenda karatasi. Kesho yake askari wa msitu walikuja wakaichoma nyumba, kama walivyokuwa wakifanya, ili mtu asipate sababu ya kurudi. Barasa na mimi tulitazama kutoka kwenye njia, tumebeba viti.

Thabai zilishika. Mvua moja, mbili, zikafunga ukingo wote. Bwana Saa hakuzigusa wala kuzizungumzia nami, lakini mwaka uliofuata nilimsikia akiwaeleza wageni juu ya uzio wa kienyeji usio na gharama, na kwamba ni wazo alilolipata mwenyewe. Wageni wakamsifu. Rozi, ambaye alikuwa amekua kidogo, alinitazama juu ya kikombe chake.

"Mzee Koros yuko wapi?" akaniuliza kwa Kinandi, ili wazazi wasielewe.

Nilimwambia ukweli wote, hapo hapo, kwa Kinandi changu kibovu kilichojaa makosa. Alinirekebisha maneno mawili. Kisha akaenda akageuza kiti chake kikautazama mto.

Nilifanya kazi pale mpaka Wazungu walipoanza kuuza mashamba na mwenye saa akaenda zake. Nilibaki na wenye hoteli wengine, nikapanda thabai wakati wa wote, mpaka mgongo ulipokataa.

Siku hizi ukingoni kuna vyuma vilivyochomelewa na kupakwa rangi ya kijani, na thabai mmezifyeka kwa sababu wageni walilalamika. Hakuna kibao cha kumkataza mtu. Anayelipa langoni anaingia, na Jumapili iliyopita nilimpeleka mke wangu, tumebebana kama yule bibi na kiti chake, akayaona maporomoko akasema aliyadhani ni makubwa zaidi. Mimi nikikosea nasema siku hiyohiyo, vyovyote yatakavyotoka mdomoni. Pale palipokuwa nyumba ya Mzee arap Koros mnaegesha magari.